Kwa nini vitu visivyotumika havikufutwa kwenye faili za gemu ya GTA San Andreas?

Kwa sababu kufuta ni hatari kuliko kuzima. Toleo la kompyuta lina gta3.img, faili kubwa inayohifadhi maumbo na rangi za vitu: umbo la kila kitu ni faili ya .dff, rangi zake ziko kwenye .txd, na faili za .ide, yaani orodha za vitu, huviita kwa namba. Ukiing'oa .dff ambayo bado inaitwa, gemu inaweza kuanguka. Hata Hot Coffee, sehemu ya ngono iliyofichwa, ilizimwa tu kwenye main.scm (faili ya maagizo ya gemu), 2005 wachezaji wakaiwasha, bodi ya Marekani inayopanga gemu kwa umri ikaipandisha gemu daraja kuwa ya watu wazima pekee.

Ukitaka kuchungulia, nakili gta3.img pembeni, fungua nakala hiyo kwa programu ya IMG Tool, toa .dff na .txd yake. Majina yao mara nyingi hayafanani (hapo ndipo wengi hukwama), jina sahihi lisome kwenye .ide.