Maandalizi ya kuomba udaktari huanza kidato cha tatu, si baada ya matokeo

Assalaam alaykum. Ndugu yangu wa Wete umeuliza kama ni mapema mno kuanza kumtayarisha binti yako wa kidato cha tatu anayetaka kusomea udaktari. Si mapema hata kidogo. Nimesomesha kemia katika skuli za sekondari hapa Pemba kwa miaka mingi, na ninaloliona kila mwaka ni wazee kuanza kuhangaika mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na vyuo vikishafungua maombi, ilhali jambo kubwa limeshaamuliwa zamani.

Linaamuliwa na masomo anayoyachukua. Shahada ya udaktari, iwe Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au Chuo Kikuu cha Muhimbili, humtaka mwombaji awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia katika kidato cha sita, kila somo kwa D au zaidi, kwa jumla isiyopungua pointi 6, ambapo A ni pointi 5 na D ni pointi 2. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na wanaochaguliwa huwa juu zaidi ya hapo. Linaloniuma khasa ni wale watoto wanaoiogopa fizikia na kukimbilia mchepuo wa CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, wakidhani kuwa kemia na biolojia zinatosha kwa mtu wa hospitali. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupata A zote tatu na mlango wa udaktari ukabaki umefungwa, kwa sababu Jiografia haizibi pengo la Fizikia. Kwa hiyo binti yako anahitaji PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na ili aipate ni lazima afaulu vizuri masomo hayo matatu kidato cha nne. Kama angetaka uhandisi ningemwelekeza PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu.

Jambo la pili ni maabara. Mwanafunzi ambaye hajashika bureti, ule mrija wa kioo wenye koki wa kupimia asidi, mpaka wiki ya mtihani hufungua koki kwa pupa, asidi ikamwagika nyingi, na rangi ya methili oranji, dawa inayobadilika rangi asidi ikitosha, ikatoka manjano ikafika pinki kabla hajaiona ile rangi ya chungwa anayotakiwa kusimamia. Hapo vipimo vyake vyote vinakuwa vya kubahatisha, hata kama hesabu zake ni safi. Mkono wa maabara hujengwa kwa kurudiarudia, kwa hiyo mwombe mwalimu wake, kwa adabu lakini bila kuchoka, awafanyishe majaribio tangu sasa. Skuli yao ikiwa haina vifaa, walimu wa skuli jirani yenye maabara mara nyingi hukubali kuwapokea Jumamosi wakiombwa mapema.

Wakati wa likizo mtafutie ruhusa akakae karibu na wauguzi na madaktari katika Hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani au ya hapo kwenu Wete, aone kazi yenyewe ilivyo. Udaktari ni miaka 5 ya chuo na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini, na ni heri ajue mapema kama moyo wake unauweza.

Majina nayo yaangalieni leo hii. Kwetu mtoto hubeba jina la baba na la babu, na cheti cha kuzaliwa kikiandika Mohammed huku usajili wa mtihani ukiandika Mohamed, usumbufu wake hujitokeza siku za maombi, wakati hakuna nafasi ya kwenda ofisi hadi ofisi. Kabla hajasajiliwa mtihani wa kidato cha nne, hakikisheni majina yake yote matatu yanalingana herufi kwa herufi.

Maombi yenyewe hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, kwa kufuata mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na mkopo huombwa kwa maombi ya peke yake katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, hivyo laini aliyojisajilia isizimwe wala asipewe mtu mwingine.

Niambie skuli yake ina maabara ya aina gani, na fizikia yake ilikuwaje katika mtihani wa kidato cha pili, nami nitakueleza pa kuanzia.