Muulize Fundi: Mume wangu katia tofali kwenye tangi la choo

Swali: Shikamoo Fundi. Nyumba yetu ni ya zamani, na choo chake ni kile chenye tangi kubwa nyuma. Tuko watu watano na bili ya maji inatutoa jasho. Mume wangu kasikia kwamba ukitia tofali ndani ya tangi maji yanapungua, basi akalitia. Sasa mara nyingi nikivuta inabidi nivute tena, na usiku nasikia maji yanachuruzika. Mimi nataka litoke, yeye hataki. Tuamulie.

Jibu: Marahaba, mama. Tofali litoke, leo hii. Ila usimcheke mzee, maana wazo lake ni sahihi. Alichokosea ni kifaa tu.

Tangi hujaa mpaka pale boya lilipopangiwa, kisha maji yanajifunga. Chochote utakachokizamisha humo kinachukua nafasi ya maji, kwa hiyo ukivuta yanashuka pungufu. Ubaya wa tofali ni kwamba likikaa majini linamumunyuka. Linaachia mchanga, nao unakwenda kutulia mahali pabaya kuliko pote: chini ya kile kimpira kinachoziba tundu la kushushia maji. Nimefungua matangi ya namna hiyo nikakuta tope jekundu chini, na ukingo wa kimpira umekwaruzika. Chembe moja tu ikikaa hapo, kimpira hakilali sawasawa, na maji yanavuja taratibu kuingia chooni usiku kucha. Huo mchuruziko wako naushuku hapo.

Thibitisha kwanza. Jioni, watu wakishamaliza kutumia choo, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute, subiri nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, kimpira kinavuja. Kifungue, ukifute, upapase ukingo wake kwa kidole. Kama kimekakamaa au kimepinda, nunua kingine, uende na cha zamani dukani kwa sababu havilingani. Kama rangi haikutokea na bado unasikia maji, tazama lile bomba lililosimama katikati ya tangi. Maji yakiwa yanamwagikia ndani yake, boya limepandishwa mno. Lishushe mpaka maji yasimame kama sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Kazi hii haina gharama, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote, kwani choo kinachovuja kinapoteza maji hata nyumba ikiwa haina mtu.

Sasa badala ya tofali, tafuta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu. Ibandue karatasi, itie kokoto safi chini ili isielee, ijaze maji, ufunge kifuniko kwa nguvu. Isimamishe kwenye kona ya tangi, mbali na boya na mnyororo. Vuta huku umefunua mfuniko, uangalie kama kuna kinachogusana nayo.

Usitegemee kwamba itaokoa lita moja na nusu kamili. Tazama tangi ukishavuta: yapo maji yanayobaki chini. Sehemu ya chupa iliyozama kwenye maji hayo haiokoi kitu. Tuseme basi unaokoa lita moja. Watu watano, kila mmoja akivuta mara tano kwa siku, ni lita 25, na kwa mwezi lita 750. Si haba kwa chupa iliyokuwa inakwenda jalalani.

Watu huuliza kwa nini wasishushe tu boya mpaka chini kabisa. Inawezekana, lakini msukumo wa maji unatokana na kimo chake. Ukishusha boya unapunguza ujazo na kimo kwa pamoja. Chupa inapunguza ujazo na kukiacha kimo kama kilivyo, ndiyo maana mimi huanza nayo.

Na hilo la kuvuta mara mbili? Hapo mzee kajitia hasara mwenyewe. Vyoo vingi vya zamani hutumia lita 13 au zaidi kwa mvuto mmoja. Ukivuta tena umetumia zaidi ya hata kabla ya tofali. Kama chupa nayo italeta shida hiyo, weka ndogo zaidi. Ujue tangi lako linatumia kiasi gani: funga koki ya choo, chora mstari wa penseli kwenye usawa wa maji, vuta, kisha jaza kwa jagi lenye vipimo mpaka ufike mstarini. Ukikuta ni lita 6 au chini, usiweke kitu. Vyoo hivyo vimetengenezwa kwa kipimo hicho, na bakuli lake halitaki kupunjwa.

Vidonge vya klorini vya kutumbukiza ndani ya tangi, achana navyo. Vinakula mpira.

Swali: Fundi, maji ya kufulia naweza kuyamimina kwenye tangi la choo badala ya kuyamwaga?

Jibu: Kwenye tangi, hapana. Povu, nyuzi na uchafu vitaharibu kimpira na boya, na maji machafu hayatakiwi kukaa karibu na bomba linaloleta maji safi. Yamimine moja kwa moja kwenye bakuli la choo, kwa ndoo, kwa mkupuo mmoja kutoka usawa wa kiuno. Ukimimina polepole yatapita tu bila kusukuma kitu. Yatumie siku hiyo hiyo, yakilala yananuka.