Ahadi Hazipakiwi Botini

Wadogo zangu, Jumapili jioni, baada ya mechi, niliona tangazo mlilosambaza kwa ajili ya familia zilizounguliwa nyumba Kadutu, mjini kwetu Bukavu: nembo ya timu juu, picha ya moto chini, na katikati, kwa tarakimu kubwa, dola 1,800 "zilizokwisha kukusanywa". Nilimpigia simu mweka hazina wenu, nikamuuliza ni kiasi gani kilichomo ndani ya simu yake. Alinijibu kwa furaha na bila hila yoyote kwamba ni dola 610, na kwamba zilizosalia "zinakuja, yaya", kama mnavyotuita wakubwa wenu. Sikumkaripia, kwa sababu mwaka 2023 mimi ndiye niliyekuwa nikisema maneno hayo hayo. Lakini usiku huo usingizi ulinipaa, na kulipokucha niliamua kuwaandikia yale ambayo hakuna aliyetuambia sisi tuliowatangulia.

1. Tangazeni fedha zilizoingia, na hizo pekee.

Mnakumbuka Alhamisi ile ya tarehe 4 Mei 2023, mvua ilipoifurikisha mito ya teritware ya Kalehe, mawe na matope yakashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakupatikana hata leo. Kikundi chetu cha mashabiki kilikuwa na watu wapatao 240, kuanzia Ibanda hadi Bagira, pamoja na ndugu zetu walioko Kampala na Brussels. Kabla sijaandika neno lolote la kuomba msaada, watu watatu walikuwa wameshatuma fedha kwa M-Pesa, na mmoja wao ni mwanafunzi ambaye najua kwamba siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu kwa kukosa nauli. Ndivyo mashabiki walivyo. Moyo uliozoea kupiga kelele kwa ajili ya timu hausubiri kubembelezwa, na sijawahi kuona watu wanaotoa haraka kuliko wao.

Siku ya pili, kikundi cha wapinzani wetu kilitangaza kiasi chao. Mnaujua ushindani wetu, na mnajua jinsi uwanja wa Concorde unavyokuwa siku tunapokutana nao. Nilifungua orodha yangu, nikahesabu waliotuma, kisha nikahesabu pia kila aliyeandika "mniandike 20" au "mimi 50, mwisho wa mwezi", nikapata dola 2,310. Nilizitangaza zote. Tuliwapita wapinzani, watu wakashangilia kama kwamba tumefunga bao, na katika furaha ile ahadi zikaonekana kwangu kuwa ni fedha.

Kosa lingeishia hapo, lingekuwa aibu ndogo ya sisi kwa sisi. Ila nilimpigia simu mama mmoja wa upande wa Nyamukubi, kiongozi wa kikundi cha wanawake, ambaye tulikuwa tumeelekezwa kwake kwa sababu anazijua familia zote. Nilimtajia kiasi kile. Aliniuliza swali moja tu: "Ziko mkononi?" Nikasema ndiyo. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi kuliko jambo lolote nililowahi kusema kwa simu. Tulikubaliana kwamba kila familia ipate sufuria, blanketi, bido ya maji, sabuni na unga, vitu vya dola 30, na yeye akagawanya kama mtu yeyote mwenye akili angegawanya: familia 77. Alizunguka kwa miguu siku nne, shuleni walikolala watu na nyumbani kwa waliowapokea wenzao, akichagua nani aandikwe na nani aachwe kwa kuwa ana ndugu wa kumtazama. Kila aliyeandikwa alipewa kipande cha karatasi chenye namba.

Wiki mbili zilipita. Baadhi ya walioahidi walikuwa wamefiwa wao wenyewe, baadhi hawakulipwa mishahara, baadhi walinyamaza tu. Simlaumu hata mmoja wao, kwa maana mtu anayeahidi siku ya msiba huwa anasema kweli kwa siku hiyo. Siku ya safari nilikuwa na dola 960. Nilitoa 120 za boti, za wabebaji na za kutolea fedha, gharama ambazo sikuwa nimezitaja popote, na zilizobaki 840 zilitosha vifurushi 28. Nilipaswa kumpigia mama yule kabla ya kupakia. Sikumpigia. Nilijidanganya kwamba labda ndugu wa Brussels angetuma usiku, kwamba labda hatutakuta watu wote, na hivyo nikapanda boti bandarini Muhanzi alfajiri nikiwa nimeinyamazia hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeifanya.

Familia zote 77 zilikuwa ukingoni mwa ziwa tangu asubuhi. Mzee mmoja alikuwa ameinua juu karatasi yake namba 53, ili nimwone kutoka majini. Tuliposhusha mizigo, watu waliihesabu kwa macho, kisha kimya kikaingia. Mimi hakuna aliyenikemea. Nilikuwa mgeni kutoka mjini, nimekuja na vitu, na mgeni anaheshimiwa. Walimgeukia yeye. Walimuuliza vingine ameviweka wapi, aliviuza kwa nani, kwa nini alitembea siku nne akiandika majina ikiwa hakuwa na nia ya kula. Waliomuuliza hivyo ni watu aliowasaidia kuzika. Niliposimama kusema kwamba fedha hazikufika na kwamba kosa ni langu, ilisikika kama mgeni mpole anayemfunika mwenyeji wake, na kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyozidi kumchafua.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeupanga ugawaji. Aliita wajane wenye watoto wachanga, kisha wazee wasio na mtu, hadi vifurushi vikaisha. Jina lake halikuwamo katika orodha, ingawa nyumba yake pia ilikuwa imekwenda na maji. Alinisindikiza hadi botini, akaniambia bila hasira: "Mwanangu, ungeniambia 28, ningeandika 28."

Ilituchukua wiki saba kuvipata vifurushi 49 vilivyosalia. Niliporudi, familia 41 zilikuwapo. Nane zilikuwa zimekwisha kuhama, nikamwachia mama vitu vyao, naye alivifikisha kimoja kimoja kwa muda wa miezi miwili, akinipigia simu kila mara kunitajia namba ya karatasi.

Basi, daftari liwe na safu tatu: ahadi, zilizoingia, zilizotumika. Safu ya kwanza ni yenu wenyewe, ya kuwakumbusha watu kwa upole. Msiseme kwamba bila tarakimu kubwa watu hawatachangamka. Juni 2020, mashabiki wa BTS, kundi la muziki la Korea Kusini, kwa kuratibiwa na wenzao wanaojiita One In An ARMY, waliifikia dola milioni moja ambayo wanamuziki hao walikuwa wameitoa kwa Black Lives Matter, vuguvugu la kutetea watu weusi Marekani, na iliwachukua muda wa siku moja hivi, watu wengi, kila mmoja na kidogo chake. Kilichohesabiwa ni fedha zilizokwisha kulipwa, wala haikuwazuia kushindana na saa. Kwa hiyo leo, kabla ya jua kuzama, ondoeni 1,800 na muweke 610, na mumpigie simu shefu wa mtaa kule Kadutu mumweleze.

2. Admini na mweka hazina wasiwe mtu mmoja, na kasha liwe na laini yake ya simu. Mimi nilizichanganya fedha za kikundi na ada za watoto wangu katika namba moja, na ingawa hakuna franga iliyopotea, nilikesha usiku mzima nikizitenganisha kwa kusoma ujumbe mmoja baada ya mwingine.

3. Gharama zitajwe siku ya kwanza. Tena kagueni noti mnazopokea mkononi, kwa maana muuzaji mmoja wa Nyawera alinirudishia noti ya 50 kwa sababu ya mpasuko usiozidi punje ya mchele, na noti za dola moja hatazitazama kabisa.

4. Kuhusu jezi, najua mtabishana nami. Zivaeni bandarini na mnapobeba mizigo, kwani mnatambulikana upesi na kila mmoja wenu anajichunga akijua kwamba ameibeba timu mgongoni. Lakini mkiingia penye msiba, vaeni kitu juu yake. Na wanaotaka ushahidi wapigieni picha risiti na magunia, si nyuso za watu.

5. Asiye na fedha apewe kazi. Yule mwanafunzi aliyetembea kwa miguu ndiye aliyekuja kulishika daftari letu baada yangu, na tangu siku hiyo halijakosewa hata mstari mmoja. Muulizeni, atawafundisha, ingawa atawachosha kwa maswali.

6. Ulizeni siku ya soko kabla ya kupanga siku ya ugawaji. Sisi, safari ya pili, tulikuwa tumechagua Alhamisi kwa kuwa boti ni nyingi. Mama alituomba tuje Jumamosi. Pale Nyamukubi Alhamisi ni siku ya soko, na maji yaliwakuta watu sokoni.