Riwaya ya kijasusi: jua sheria kabla ya bastola

Miswada mingi ya kijasusi huharibika mahali pamoja: balozi anatiwa pingu, anapekuliwa, analala selo. Msomaji anayeelewa mambo hayo hafiki ukurasa unaofuata. Mkataba wa Vienna wa 1961 hauruhusu mwanadiplomasia akamatwe, na kinga yake huondolewa na nchi yake tu. Mwenyeji akimchoka humtangaza hatakiwi, tena bila kutoa sababu. Basi mpelelezi wako awe na ushahidi wote mkononi na asiwe na la kumfanya. Konseli, yaani ofisa wa ubalozi mdogo, ni habari nyingine: mkataba wa 1963 unakubali akamatwe kwa kosa zito, mahakama ikiamuru.

Mkoba wa kidiplomasia, yaani mzigo rasmi wa ubalozi, nao haufunguliwi, ila una masharti. Lazima uwe na alama za nje zinazoonekana, na anayeusindikiza awe na hati inayotaja hadhi yake na idadi ya vifurushi. Mwaka 1984 Umaru Dikko, waziri wa zamani wa Nigeria, alitekwa London akafungiwa kwenye kreti, apakiwe ndege Stansted. Kreti haikutimiza masharti hayo, watu wa forodha wakaifungua wakamkuta ndani. Njama yako pia iangushwe na karatasi. Inaaminika kuliko risasi.

Kwa mazungumzo ya siri, ya nini kukimbilia Geneva na Naivasha ipo? Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, na John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, walianza kukutana huko Septemba 2003 kutafuta amani, Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiwa mpatanishi, na itifaki zikaendelea kutiwa saini hadi Mei 2004. Miezi yote hiyo hotelini! Anayejua nani alikunywa chai na nani ni mhudumu. Mpe sura nzima.

Ukihamia Kisumu, chunga ziwa. Waandishi hupenda kumvusha mtoro kwenda Uganda usiku wa giza. Kumbe usiku usio na mwezi ndio wavuvi wa omena (dagaa) hutoka kwa wingi na taa zao, kwa sababu mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa kuvuta samaki. Atapita katikati ya mashahidi. Tena kutoka ufuo wa Dunga ni lazima amalize Ghuba ya Winam na kupita upande wa kisiwa cha Rusinga ndipo aone ziwa kubwa, na upepo ukisukuma magugu maji njiani, propela inazongwa, injini inazima, anabaki na kasia.

Ukitaka afike salama, mpitishe mpakani Busia mchana kweupe, katikati ya malori.