Kataa Gunia la Kwanza

Umeniuliza ufanye nini ukiletewa magunia ya magendo uyaandike. Nikiwa kidato cha tatu hapa Lindi, niliigiza Kinjeketile, yule mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, mtoto wa Kilwa. Mwalimu alinifunga mikono kwa kamba ya katani, alama zikabaki siku mbili. Katika mchezo niko gerezani, na Wajerumani wanataka nikiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki yangu, ananisihi nikubali yaishe. Nakataa, maana nikikana leo, watoto wetu wataambiwa kwamba kuipigania nchi kulikuwa kosa.

Kinjeketile wa kweli alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Majimaji ndiyo kwanza vimeanza.

Nilimkumbuka miaka mingi baadaye, nikiwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa kopo kwa wakulima wenye shida, walikuwa wakileta magunia usiku yaingizwe kwa majina ya watu wasio na hata mkorosho mmoja. Wiki mbili niliandika, nikanyamaza. Ya tatu nikagoma. Nikasimamishwa, kisha nikaambiwa nitarudi kazini nikiandika barua kwamba nilikosea hesabu.

"Karatasi tu hiyo, mwanangu," baba mkubwa aliniambia. Sikuiandika, na kazi ikaenda.

Wengi husema Kinjeketile aliponzwa na msimamo wake kule gerezani. Mimi naona alishaponzeka zamani. Katika tamthilia, alipoanza kulishuku neno la Hongo, mzimu uliompa yale maji, na kuwasihi watu wasubiri, neno lilikuwa limeshakua, halimsikii tena. Ndiyo maana nawe unayeniuliza ufanye nini nakwambia: kataa gunia la kwanza, kabla halijapanda mizani, na ukatae mbele ya watu wawili. Uwe na daftari lako mwenyewe: tarehe, idadi, nani kaleta. Na usiku huohuo mweleze mwenzio nyumbani. Mke wangu alizisikia habari zangu sokoni, kwa watu, na hilo liliniuma kuliko kufukuzwa.

Barua ya kukana usiandike, hata wakubembeleze vipi. Ila ujue watakachokushika nacho. Mimi kwenye kikao hawakuuliza kwa nini nimegoma. Walifungua kurasa za zile wiki mbili wakazisoma kwa sauti: magunia 42, na sahihi yangu chini ya kila ukurasa.