Mambo ya Mtoto Hayasemwi Kwenye Kundi la Wazazi

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Niliuandika saa tano asubuhi, mkono mmoja umeshika kaptula iliyolowa, mwingine simu, nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la darasa: "Mama Shani, mtoto amejikojolea tena. Leta nguo za kubadilisha na umfundishe kusema." Kundi lilikuwa na wazazi sitini na kitu. Mmoja akaweka kikatuni cha kucheka. Kesho yake mtoto hakuja, wala keshokutwa.

(Mama Shani si jina lake. Nafundisha darasa la awali shule ya serikali hapa Dar, na yule mama bado tunasalimiana.)

Siku ya nne nikamfuata kituoni anakouza mihogo ya kukaanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno kuhusu umuhimu wa mahudhurio. Nilipofika alinipokea vizuri tu, akanisogezea kindoo nikae, halafu akaendelea kugeuza mihogo yake bila kuniangalia. Baadaye akasema, "Mwalimu, yule nyumbani hajikojolei." Nikanyamaza. "Choo chenu kina tundu kubwa. Yeye amezoea poti. Anasema atatumbukia."

Miezi miwili nilikuwa nampa yule mama taarifa. Kumuuliza, sikuwahi hata siku moja.

Nilimwomba radhi palepale, na jioni nikaomba radhi kwenye kundi pia, maana kosa nilifanyia huko. Mtoto alirudi Jumatatu. Wiki mbili za mwanzo nilimpeleka chooni mwenyewe nimemshika mikono, mpaka akazoea. Kikao kilichofuata nikawaeleza wazazi kwamba wapo watoto wanaoogopa choo, bila kutaja jina. Baba mmoja fundi ujenzi hakusema kitu, ila Jumamosi alikuja na nusu mfuko wa saruji akapunguza matundu mawili ya upande wetu. Kumbe miaka yote hiyo dawa ilikuwa saruji.

Tangu hapo kundi nalitumia kwa matangazo tu: shule inafungwa lini, kesho chanjo, leteni vizibo vya soda vya kuhesabia. La mtoto mmoja nalipeleka kwa mzazi wake mmoja. Wenye simu za kitochi nawapigia, na wenye WhatsApp wengi nawatumia sauti. Mama aliyeko jikoni kwenye moshi hasomi aya tatu, na wapo wasiojua kusoma ambao hawatakuambia. Kama daftari la mawasiliano linarudi kila wiki bila saini, usiwahi kusema mzazi hajali.

Siku ya kuandikisha, Januari, fomu inataka cheti cha kuzaliwa na namba ya simu. Mimi naongeza maswali yangu kwenye daftari la pembeni: nyumbani mnamwitaje, anaogopa nini, akilia mnambembelezaje, nani atakuja kumchukua. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Wengi wa watoto wangu siwaoni na mama wala baba. Wanaletwa na bibi, na dada wa kazi, na dereva wa bodaboda anayebeba watatu kwa mpigo. Nilikuwa nawapita hao nikimsubiri "mzazi mwenyewe". Siku hizi nasema "Shikamoo bibi, amelalaje?" na nasikiliza jibu mpaka mwisho. Dada wa kazi ndiye anayejua kwamba mtoto hakula jana, na mwalimu akimdharau getini hatamwambia kitu.

Kuna jambo la hela. Ada ilifutwa, madarasa yakafurika, lakini uji bado ni makubaliano ya wazazi, na asiyechangia hukwepa geti. Anamshusha mtoto kona ya pili, anageuza. Ukimkuta ukaanza na "mama, uji wa mwezi huu", basi hata ukimwambia baadaye mtoto wake ameanza kuhesabu mpaka ishirini, hasikii. Sisi tulimwachia mweka hazina wa kamati ya wazazi mambo yote ya uji. Mwalimu asidai. Nimebishana na wenzangu kuhusu hili na sijabadilisha mawazo.

Vikao tulikuwa tunaviita Jumatano saa mbili asubuhi, halafu tunalalamika wazazi hawana mwamko. Saa mbili asubuhi mama ntilie yuko kwenye chapati! Tukahamishia Jumamosi saa tisa alasiri. Hotuba nazo nikapunguza. Tangu programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto izinduliwe Desemba 2021, semina zimetujaza maneno kama "malezi yenye mwitikio". Lisome hilo kwenye kikao uone watu wanavyoangalia simu. Mimi nawaambia: mtoto akikuita, itika.

Baba mmoja alisimama kikaoni akasema, "Nimemleta asome, nyie mnachezea vizibo." Wengine wakapiga makofi. Zamani ningejitetea. Nilimkaribisha kwenye mkeka na mwanawe, nikampa vizibo kumi, nikamwambia afiche vichache kiganjani amuulize mtoto vingapi vimefichwa. Mtoto akahesabu vilivyobaki chini, sita, akafikiri, akasema vinne. Baba akarudia kwa vitatu, kisha kwa saba, nadhani alitaka kumkamata. Alikaa pale mkekani mpaka kikao kikaisha, na vizibo viwili aliondoka navyo mfukoni.

Linalonishinda bado ni idadi. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nina 84. Kwa hiyo kila Ijumaa mchana nachagua majina matano, nampigia kila mzazi kumwambia jema moja tu nililoliona wiki hiyo. Wengi hupokea kwa hofu, "Mwalimu, kafanya nini?" Nikisema hajafanya kitu, leo amemfunga mwenzake kamba za viatu, husikia kimya kidogo upande wa pili, halafu mzazi anaanza kusimulia mwenyewe. Hapo ndipo naambiwa kwamba baba amesafiri, kwamba kuna mdogo amezaliwa, kwamba mtoto usiku halali.

Kwa watano kila Ijumaa, wa mwisho namfikia wiki ya 17, muhula unakaribia kufungwa. Muhula unaofuata naanzia mkiani mwa orodha.