Jibu: Helmeti mpya inabana mashavu na kuumiza paji la uso, nifanyeje?

Mkuu, umesema umenunua helmeti ya kufunika uso mzima, inakubana mashavu, na ukifika nusu ya safari paji linauma mpaka unaivua. Fundi kakushauri ukwangue foamu nyeupe ya ndani ili upate nafasi, na dukani wanakwambia uchukue saizi kubwa zaidi. La fundi lisahau kabisa. La dukani lisubiri kwanza. Mimi ni mtu wa pikipiki kila siku, Kimara mpaka Posta na kurudi, na vichwa vya ukoo wetu ni virefu, kwa hiyo maumivu ya paji nayajua vizuri.

Hapo una matatizo mawili tofauti. Mashavu kubanwa si ugonjwa. Helmeti mpya ya aina hiyo inatakiwa ishike mashavu kiasi kwamba ukitafuna bigijii unajing'ata kidogo kwa ndani. Sponji za mashavu hulainika kadiri unavyoitumia, na baada ya wiki kadhaa utaona tofauti. Anayechagua ile iliyo laini na huru tangu dukani ndiye ambaye baadaye anaendesha huku helmeti inazunguka kichwani. Kama mashavu yanauma kweli, si kubanwa tu, angalia ndani: kwenye helmeti nyingi nzuri sponji hizo huchomoka kwa vishikizo vya plastiki, na baadhi ya kampuni huuza nyembamba na nene za modeli hiyo hiyo. Kubadilisha hizo ni halali kabisa.

Paji ni habari nyingine. Ivae nyumbani nusu saa umekaa, kisha ivue ujitazame kwenye kioo. Ukiona alama nyekundu katikati ya paji, na mapanja hayajaguswa kabisa, maana yake kichwa chako ni kirefu mbele kwa nyuma na helmeti imetengenezwa kwa kichwa cha duara. Ukiumia mapanja huku mbele na nyuma kuna nafasi, ni kinyume chake. Maumivu ya namna hiyo hayaishi kwa kuvumilia, kwa sababu sponji ya pale ni nyembamba na imeshagandamizwa mpaka kwenye foamu ngumu, na foamu ngumu hailainiki kama sponji.

Na hapo ndipo namkatalia fundi kwa nguvu zote. Foamu ile, nyeupe au nyeusi, ya jamii moja na ile wanayopakia TV kwenye maboksi, ndiyo helmeti yenyewe. Ukianguka inapondeka, na kule kupondeka ndiko kunakomeza nguvu ya pigo ili isifike yote kwenye ubongo. Ukiikwangua, ukiiyeyusha kwa moto au kuikandamiza kwa kijiko, umepunguza kinga mahali pale pale kichwa chako kinapogusa zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, helmeti iliyopata ajali haitumiki tena hata kama ganda la nje linang'aa: ikishapondeka hairudi.

Kuhusu saizi kubwa, pima kwanza. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya nyusi, ipite juu ya masikio mpaka pale kisogo kinapojitokeza zaidi. Kwa kampuni nyingi sentimita 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, lakini kila moja ina jedwali lake, kwa hiyo soma la helmeti yako. Kama vipimo vinasema M na unavaa M, kwenda L kutaondoa maumivu ya paji na kukuletea helmeti inayocheza. Jaribu hivi: funga mkanda, shika ukingo wa chini wa nyuma, isukume juu na mbele kwa nguvu. Ikivuka kichwa, hiyo haifai hata ukipewa bure. Kisha izungushe kushoto na kulia: ngozi ya uso ifuate, isibaki nyuma.

Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi na wa kuumia kichwa kwa 69. Ila iliyokutoka kabla kichwa hakijagusa lami haikusaidii chochote. Inaniuma kila ninapoona madereva wetu mkanda unaning'inia. Fungua kifungio, rekebisha urefu mpaka vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Kama ni ya pete mbili za chuma, mkanda unapita ndani ya zote mbili, halafu unarudi kati yao. Kile kibonyezo cha mwisho ni cha kushika ncha isipepee, hakifungi kitu.

Masikio: wakati wa kuvaa, vuta mikanda nje pande zote mbili ndipo uishushe. Wengi wanaolalamikia masikio, yamekunjwa tu. Miwani ivae baada ya helmeti.

Mabinti waliosuka, pimeni mkiwa mmeshasuka, na mafundo yasikae kisogoni, kwani yanaizuia helmeti kukaa sawasawa kichwani. Hijabu ya kitambaa chepesi kisicho na pini inakaa vizuri chini yake.

Joto letu hili linalowesha sponji, na sponji ya jasho lililokauka huwa ngumu, ikaanza kukwaruza paji. Zichomoe, zifue kwa maji na shampuu ya mtoto, zianike kivulini. Ganda lisiguswe na petroli wala thina. Usiitundike kwenye kioo cha pikipiki pia. Kioo kinabonyeza ndani taratibu.

Kwa hiyo wewe: mashavu yape muda. Kama alama ya paji ni ile niliyoeleza, irudishe ingali mpya, uombe modeli nyingine ya saizi hiyo hiyo, si saizi nyingine. Ivae palepale dukani dakika kumi na tano kabla hujalipa, hata muuzaji akinuna. Pima leo, kisha utuandikie hapa sentimita zako na alama imetokea wapi.